Mistari Kumi na Mmoja ya Bustani ya Mivule

Kila wiki huja mtu karakanani kwetu, akasimama mbele ya ile picha ukutani, akakunja midomo na kusema kwamba hata mtoto wake wa darasa la pili angeweza kuichora. Zamani nilikuwa nabishana. Siku hizi nampa karatasi na penseli, namwambia haya, nenda kamlete huyo mtoto. Mpaka leo hakuna aliyerudi na mtoto.

Picha yenyewe ina mistari kumi na mmoja. Mstari mmoja mrefu unapanda na kushuka kutoka ukingo hadi ukingo, hivyo ndivyo vilima vya Kampala vya upande wa magharibi. Juu yake vimesimama vijistari viwili vifupi, na kila mtu wa mji huu anajua kwamba hiyo ni minara ya kanisa la Rubaga. Tao dogo ni kuba la kanisa la Namirembe. Mstari mwembamba kuliko yote ni mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala. Chini kuna vigogo vinne vya mivule na benchi la mistari miwili. Halafu doa moja la kijani, majani na nyasi pamoja, bila kutenganishwa. Basi. Hakuna gari, hakuna mpiga ngoma, hakuna mama mwenye mkungu wa matoke kichwani, hakuna jua linalozama. Vitu hivyo vyote vinauzwa kwa watalii mtaa wa pili, anayevitaka aende huko.

Aliyeichora ni Phelister Nabangala, ambaye sisi tunamwita Mama Masinde. Mimi ni Kasereka, mtu wa Butembo, Kongo, na kazi yangu katika karakana hiyo ni kuvuta raba, yaani kusukuma wino upenye neti hadi kwenye kitambaa. Nimekaa naye meza moja miaka kumi na moja. Kosa nitakalolisimulia humu ni langu, si lake, kwa hiyo nadhani nina haki ya kulisimulia.

Kwanza muielewe kazi, maana bila kazi hamtamwelewa yeye. Tunapiga chapa kwenye vitambaa: fulana za harusi, mifuko, bendera za shule. Kila rangi ina fremu yake. Fremu ni mbao nne zilizowambwa neti laini. Unaipaka dawa, unaweka mchoro juu yake, unaianika juani dakika chache, kisha unaiosha. Pale mchoro ulipoziba jua, dawa inatoka na wino utapita. Mchoro tunautia kwenye karatasi ya kawaida, halafu tunaipaka karatasi hiyo mafuta ya kupikia mpaka mwanga upite. Wenye mashine kubwa wanatucheka kwa hayo mafuta. Wacheke tu, sisi tunakula.

Sasa, mteja akitaka rangi sita, hizo ni fremu sita, na kila moja inaweza kukaa kombo. Mama Masinde alijifunza kupunguza kwa sababu alichoka, si kwa sababu alitaka kuitwa msanii. Mteja huja na mchoro uliojaa kama soko la Jumamosi, naye humsikiliza mpaka mwisho, kisha huweka kidole juu ya kitu kimoja na kuuliza: kikitoka hiki, utakosa nini? Mara nyingi mteja hukasirika. Mara nyingi pia hurudi kesho yake na kusema kitoke.

Alizaliwa Chwele, kule Bungoma, akaja Kampala na mumewe Wamalwa, dereva wa malori. Wamalwa alipokufa kwa ugonjwa wa ini, walimpeleka nyumbani kumzika, na baada ya matanga wazee wakakaa kikao wakaamua mjane atarithiwa na shemeji yake. Mama Masinde aliwamiminia chai wote, akaosha vikombe, na alfajiri akamshika mtoto wake mkono akapanda basi la kurudi Kampala. Hakumwaga chozi mbele yao. Aliniambia alilia kuanzia Malaba hadi Jinja, kisha akaona inatosha.

Shemeji alimfuata. Walikutana Mivule, bustani ile ya kwenye picha, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mji ambayo wote wawili waliijua. Walikaa kwenye benchi, na shemeji akaongea tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, mila, heshima, mtoto wa ukoo, kaburi la ndugu yake. Alipomaliza, Mama Masinde alimwambia: "Basi lako linaondoka saa moja, shemeji. Mimi sina basi." Hayo ndiyo aliyosema, na hajaongeza neno mpaka leo. Wiki iliyofuata Hajati Munirah, mwenye karakana, alimpa kazi ya kuosha fremu, na haikupita miaka miwili akawa ndiye mchoraji wetu.

Tangu siku ile hula chakula chake cha mchana Mivule, kwenye benchi lilelile, ndizi ya gonja ya kuchoma na karanga. Msidhani ni bustani ya kupamba kalenda. Nyasi zimekwanguliwa na miguu, bomba la maji lilikauka zamani, na saa saba mchana wahubiri wawili hushindana kutupeleka mbinguni. Lakini ukishakaa pale, kilima chote cha nyuma yako kimejaa maofisi, na mbele yako mji unafunguka mpaka Rubaga, na hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Mimi ni mkimbizi. Nimeulizwa swali hilo katika kila ofisi, kila kituo cha polisi na kila nyumba ya kupanga. Mivule sijawahi kuulizwa. Naipenda bustani ile na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulikuta tangazo limepigiliwa misumari minne kwenye gogo la mvule wa kwanza. Kampuni moja ilitaka kujenga pale jengo la ghorofa sita, maegesho ya magari na maduka. Wananchi walikaribishwa kutoa maoni Alhamisi ya mwisho ya mwezi, katika ukumbi ulio ng'ambo ya barabara. Mama Masinde alilisoma akitafuna karanga. Aliuliza kwa nini misumari minne wakati miwili ingetosha, kisha tukarudi karakanani.

Siku hiyohiyo jioni aliichora ile picha. Aliirudia mara nyingi kabla ya kuridhika, maana nilizikuta karatasi kwenye pipa: moja ilikuwa na watu, moja ilikuwa na wahubiri, moja ilikuwa na madirisha yote ya mji. Kila moja aliipunguza. Iliyobaki akaipiga chapa moja na kuibandika ukutani, nyeusi na kijani, akasema ikiwa wataiondoa Mivule, angalau ijulikane nini hasa kilichoondolewa.

Siku nne baadaye akaingia kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi, jina lake Olal, karani wa kampuni. Ya ile kampuni, ndiyo. Wakubwa wake walitaka mifuko mia tatu ya kitambaa ya kugawa kwenye mkutano, yenye picha nzuri ya mji. Macho yake yakaenda ukutani. Akasema hiyohiyo. Akauliza tu kama ile miti inaweza kutoka, na jengo likaingia mahali pake.

Hajati Munirah ana wafanyakazi tisa na mdomo usioogopa mtu, lakini siku hiyo alitupa mgongo na kumwambia Mama Masinde kwamba mchoro ni wake, akikataa, yeye Hajati atamwambia kijana tumejaa kazi. Mimi nilishasimama kumfungulia Olal mlango wa kutokea. Mama Masinde akajibu kwamba picha itakwenda na miti yake au haitakwenda. Olal akapiga simu, akaongea Kiingereza, akarudi akitabasamu: miti ikae, wakubwa wamesema watu wanapenda kijani.

Nilikasirika, tena sana. Alipoondoka nilimwambia Mama Masinde kwamba tunakaangwa kwa mafuta yetu wenyewe, na yeye ndiye anayeshika karai. Hakuinua uso. Alisema anataka kila mtu atakayeingia ukumbini aingie ameishika Mivule mkononi. Nikamwambia hiyo ni hesabu ya watu wema, na dunia haina watu wema mia tatu. Tukaacha kusemeshana siku mbili nzima.

Katika siku hizo mbili mkwe wake akajifungua huko Jinja, naye akaenda kumwona mjukuu. Kuandaa fremu kukawa kazi yangu. Nilizipaka karatasi mafuta, nikaiweka ya kwanza juu ya neti, ile nyeusi, nikaianika. Kwa kawaida huwezi kukosea, kwa sababu kila kazi yetu ina maandishi, na maandishi yakigeuka unayaona hata ukiwa umelewa. Picha ile haikuwa na herufi hata moja. Karatasi ikishalowa mafuta, mbele na nyuma ni sawa. Nikaiweka kinyume, na sikujua.

Ya pili, ile ya kijani, ilikataa kukaa sawa na nyeusi. Miti ilikuwa huku, kijani kiko kule. Badala ya kujiuliza, nikaigeuza nayo, ikakaa vizuri kabisa, na Mungu ananisikia, nilijisifu. Nikavuta raba siku mbili, mifuko mia tatu.

Mama Masinde alirudi Jumanne asubuhi na pipi za Jinja kwa kila mtu. Alichukua mfuko mmoja, akautoa nje kwenye mwanga, akasimama nao.

"Kasereka," akasema, "Rubaga iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, pale kwenye mfuko, mkono wa kulia.

"Na ukikaa Mivule?"

Ukikaa Mivule, Rubaga iko kushoto. Imekuwa kushoto tangu wamisionari waijenge. Mji mzima niliupiga chapa kama mtu anavyojiona kwenye kioo, kushoto kulia, kulia kushoto, mara mia tatu. Nilitamani ardhi inimeze. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, Olal anakuja kesho, na mkutano ni keshokutwa.

Hakunifokea. Heri angefoka. Hajati alikuja, akageuza mfuko mara mbili tatu, akasema karakana yake haijawahi kumficha mteja kosa na haitaanza leo. Mama Masinde akakubali, akasema atamwambia mwenyewe.

Kuna desturi katika mtaa wetu wa wapiga chapa: kabla mzigo haujatoka, mteja anatazama kipande kimoja juu ya meza na kutia saini pembeni yake, ili asije akarudi kesho na ugomvi. Jumatano Olal alikuja na mkurugenzi wake, mtu mnene mwenye manukato. Mama Masinde alitandaza mfuko mezani, akaulainisha kwa kiganja.

"Ssebo," akamwambia Olal, yaani bwana kwa Kiganda, "kabla ya kusaini, mwambie mkubwa wako atazame vizuri. Kuna kosa."

Olal akatafsiri. Mkurugenzi akatazama, akacheka, akasema neno kwa Kiingereza.

"Anasema hakuna kosa, nnyabo," Olal akasema, akimwita mama kwa Kiganda. "Anasema hii iko sawa kabisa. Ni vile tu unaonaga ukikaa pale."

"Mwambie atazame tena."

Mkurugenzi alitazama saa yake. Akatia saini, Olal akatia chini yake, mifuko ikapakiwa garini. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo wahenga walivyosema. Hawa tuliwaambia mara mbili.

Gari lilipoondoka Hajati alikaa kwenye ndoo akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilicheka kwa sababu niliokoka. Mama Masinde hakucheka. Nimemwona na hasira mara nyingi, lakini ile ilikuwa hasira nyingine, iliyotulia.

"Hawajawahi kukaa," akasema. "Wanataka kuiua, na hawajawahi kukaa pale hata siku moja."

Akaukunja ule mfuko wenye saini, akauweka kwenye mkoba wake.

Alhamisi Hajati alifunga karakana saa nne, tukaenda sote. Mlangoni kila mtu alipewa mfuko na chupa ya maji. Watu wa Mivule walikuwa wamekuja: wang'arisha viatu, muuza magazeti, wahubiri wote wawili wamekaa mbalimbali, makarani wa maofisi ya jirani, na Ambroise, Mkongomani mwenzangu, ambaye hupiga watu picha bustanini tangu enzi za kamera za mkanda. Ambroise aliufungua mfuko wake akaukazia macho, akaanza kuuliza kwa sauti mbona Rubaga imehama. Nilimkanyaga mguu.

Mwenyekiti wa baraza la mtaa alikuwa Vera, mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, asiyependa mzaha. Akampa mkurugenzi nafasi. Mkurugenzi aliongea Kiingereza kwa dakika arobaini, na Vera alikuwa akitafsiri kwa Kiganda, na vipande kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliokaa nyuma. Alisema kampuni yake inaipenda sana Mivule. Alisema wameichunguza mwaka mzima, wamekaa kwenye mabenchi yake, wanaijua kila kona. Aliinua mfuko juu na kusema kwamba hata wakishajenga, Mivule itabaki mioyoni.

Mama Masinde akasimama. Vera akamruhusu, naye akaanza kwa Kiswahili, kwa sababu Kiganda chake ni cha sokoni na Kiingereza chake hakimtoshi. Mtu wa safu ya mbele akanung'unika kwamba hiyo ni lugha ya wanajeshi na wezi. Mwingine akauliza tangu lini Wakenya wanaamua mambo ya Kampala. Vera akagonga meza. Nimesikia maneno hayo ya kutosha katika maisha yangu, nikaanza kuinuka. Mama Masinde alinikalisha kwa mkono bila hata kunitazama.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," akasema. "Mimi nimelima hapa miaka kumi na tisa. Nina swali moja tu, kisha nitakaa." Akamgeukia mkurugenzi. "Ukikaa kwenye benchi la Mivule ukatazama vilima, Rubaga iko mkono gani?"

Vera akatafsiri. Mkurugenzi akatabasamu kama mtu aliyepewa swali rahisi. Akautazama mfuko uliokuwa mezani mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia.

Halafu mng'arisha viatu mmoja nyuma yangu akatoa kicheko cha puani, na kicheko kile kikaenda safu hadi safu. Hata yule aliyenung'unika juu ya Kiswahili aliinamisha kichwa kuutazama mfuko wake, kisha akatazama dirishani, kisha mfuko tena.

Mama Masinde akautoa ule mfuko wenye saini mbili, akauonyesha watu.

"Picha hii imegeuzwa," akasema. "Kosa la kuigeuza ni letu wapiga chapa, na nililisema mbele yako, mara mbili, ukasaini. Kosa la kutojua ni lako." Akakaa kama alivyoahidi.

Mkurugenzi akageuka mwekundu shingoni. Alisema picha ni picha tu, na kwamba kikao cha wananchi hakiwezi kuendeshwa na mtu ambaye si raia. Vera alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mfuko wake, akasema kwa lugha zote tatu kwamba yeye mwenyewe hana uhakika na lolote mpaka aone, na akatoka nje. Watu wote wakamfuata. Magari yalisimama tukavuka barabara.

Sitasahau nilichokiona pale. Watu zaidi ya mia mbili walisimama chini ya mivule na kuinua mifuko yao dhidi ya vilima, kushoto, kulia, wakilinganisha. Wengine walikuwa wakipita hapo kila siku bila kuinua macho. Makarani waliwaonyesha wenzao. Muuza magazeti aliugeuza mfuko wake ndani nje, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa chepesi na wino umepenya, mji ukakaa sawa. Wakaanza kumuiga.

Vera akasema tutapanga mlolongo, kama tunavyochagua mwenyekiti wa kitongoji. Wanaotaka jengo wapange barabarani kuanzia kwenye tangazo. Wanaotaka bustani wapange kuanzia kwenye benchi. Karani wa baraza akafungua rejista ya wakazi. Mama Masinde alikuwa wa kwanza kufika kwenye benchi, na Vera akamfuata, uso umemnywea.

"Mama Masinde, unisamehe," akamwambia. "Sheria iko hivo. Kwa rejista wewe hauko. Siwezi kukuhesabu."

"Sawa, mwalimu," akajibu, na akakaa kwenye benchi.

Mimi pia siko kwenye rejista yoyote ya nchi hii isipokuwa ile ya wakimbizi. Nikakaa kando yake. Kutoka barabarani mkurugenzi alimwona, akamtuma Olal aje amwondoe, kwamba anavuruga mlolongo. Olal alikuja akisitasita, akamwambia Mama Masinde kwamba mkubwa wake anaomba asogee.

"Kuhesabiwa nimenyimwa," Mama Masinde akamwambia. "Kukaa sijanyimwa."

Ambroise, ambaye naye hakuruhusiwa, alikaa nyasini miguuni petu. Kisha wenye haki ya kuhesabiwa wakaanza kupanga nyuma ya benchi. Wakapita mvule wa pili, wakapita wa nne, wakazunguka bomba lililokauka, wakafika lango la chini. Barabarani walisimama watu wanne, wenye maduka, na walikuwa na sababu zao, siwalaumu. Karani alihesabu akigusa mabega. Alipofika kwetu watatu alitupita kama vile tulikuwa mawe, ndivyo alivyoagizwa, akaanzia kwa mng'arisha viatu wa nyuma yetu. Mia moja tisini na mbili. Mama Masinde hakugeuka kuwatazama. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Maoni hayo yalipanda ngazi za juu, na bado yanapanda. Kuna barua, kuna mawakili, kuna majibu ambayo hayajibu. Lakini mabati ya uzio yaliyoletwa mwezi Septemba yalirudi yalikotoka, na jana nimekula gonja yangu palepale. Wakija tena tutapanga tena. Wakileta mkurugenzi mwingine tutamuuliza swali jingine, kwa maana Mivule ina maswali mengi kuliko wao walivyo na wakurugenzi.

Siku ile mlolongo ulipovunjika, watu wakarudi kazini, wahubiri wakaanza kugombana tena. Sisi tulibaki kidogo. Olal naye alibaki, amesimama kando ya benchi na mfuko wake mkononi, wakati gari la mkurugenzi linanguruma barabarani.

"Nnyabo," akasema, "naomba moja. Ile ya kweli."

"Nitakupigia chapa," Mama Masinde akamjibu. "Kwanza kaa."

Honi ikalia. Olal akatazama gari, akatazama benchi, ambalo kalooli, wale korongo wenye upara, walikuwa wamelichafua upande mmoja. Akapangusa kwa ule mfuko, akakaa na shati lake la pasi. Akaviangalia vilima kwa muda mrefu. Honi ikalia mara ya pili, na ya tatu.

"Iko kushoto," Olal akasema, na hakuinuka.